Kutoka eapoti ya Dubai mpaka hoteli yako Deira kwa hela ndogo

Kila wiki meseji ni zilezile. "Kaka nafika Dubai Ijumaa, teksi mpaka Deira bei gani?" "Metro inafika Naif?" "Nimeambiwa nitoe dola 40 nije nichukuliwe, nikubali?" Wengi wanaouliza ni watu wanaokwenda kufunga mzigo kwa mara ya kwanza kule Deira, eneo la masoko na hoteli la Dubai, mtaji umekusanywa kwa shida, na kila dirham inayotoka njiani ni dirham inayopungua kwenye mzigo. Kwa hiyo nimeamua niandike yote sehemu moja, hatua kwa hatua, kuanzia ukiwa bado nyumbani mpaka unapokabidhiwa funguo za chumba.

Mi safari yangu ya kwanza nilitoka nje ya terminali saa nne usiku, nimechoka, simu haina intaneti, jamaa mmoja akanifuata kwa upole kabisa, "my brother, Deira? come", akabeba begi langu mwenyewe. Gari halikuwa na mita wala kibandiko chochote. Tulipofika akataka dirham 150. Nililipa kwa sababu begi lilikuwa bado kwenye buti lake. Ile safari, nilivyokuja kujua baadae, kwa teksi halali ni kama dirham 40 hivi na kwa metro ni chini ya 10. Mpaka leo nikiona mtu wa nyumbani anatoka pale getini anaangaza angaza macho huwa namfuata namsalimia kwa Kiswahili, maana najua kinachomsubiri.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote: usafiri wa kukutoa eapoti uamue ukiwa nyumbani, sio ukiwa umesimama mlangoni na begi. Pale mlangoni umechoka, una usingizi, hujui bei, na kila anayekuona anajua hujui bei.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kupanda ndege

- Jina la hoteli na anwani yake kwa Kiingereza, kwenye karatasi na kwenye simu. Karatasi ni muhimu, simu huwa inazima chaji muda mbaya.
- Namba ya simu ya hoteli yenyewe, sio ya ajenti aliyekuuzia.
- Skrinshoti ya ramani inayoonyesha hoteli na kituo cha metro kilicho karibu. Sio linki, skrinshoti, maana linki bila intaneti haifunguki.
- Dirham kama 100 hivi, noti ndogondogo. Kama huwezi kuzipata nyumbani basi dola za kuchenji eapoti, ila chenji kidogo tu, nitaeleza.
- Kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi kama unayo. Ipigie simu benki kabla, waifungulie.
- Tiketi yako ya ndege, uisome vizuri: inaandika terminali gani unashukia. Hii ndo inaamua kila kitu.

Na kingine kidogo ambacho watu wengi wanakipuuza. Kule kupiga simu kwa WhatsApp hakufanyi kazi, si sauti si video. Meseji na voisi noti zinakwenda vizuri, kupiga hapana. Kwa hiyo kama mpango wako ni "nikifika nampigia mwenyeji wangu WhatsApp anielekeze", huo mpango ubadilishe leo. Wasalimie nyumbani kwa voisi noti, na elekezo lote lichukue kabla hujaondoka.

Hatua ya 1: Jua unashukia wapi

Angalia herufi tatu kwenye tiketi. DXB ndo eapoti kubwa ya mjini, karibu kabisa na Deira, na mwongozo huu ni wa hiyo. DWC ni Al Maktoum, iko mbali sana upande wa kusini. SHJ ni Sharjah, emireti nyingine kabisa, ndege za Air Arabia zinatua huko. Kuna watu wananunua tiketi ya Sharjah kwa sababu imepungua bei kidogo halafu ile hela waliyookoa inaishia kwenye teksi. Sio kwamba ni vibaya kushukia Sharjah, ila piga hesabu ya teksi ndani ya bei ya tiketi kabla hujalipa.

Ukishajua ni DXB, sasa terminali. Emirates wanashusha Terminal 3. Flydubai wengi wao Terminal 2. Kenya Airways Terminal 1. Kwa shirika lingine lolote tiketi yako inaandika.

Kwa nini ni muhimu hivi? Kwa sababu metro inaingia Terminal 1 na Terminal 3 tu. Terminal 2 iko upande mwingine kabisa wa uwanja na haina kituo cha metro. Narudia, Terminal 2 haina metro. Nimeona watu wanazunguka pale na mabegi wanatafuta alama ya metro nusu saa nzima.

Hatua ya 2: Jua saa utakayofika, kwa saa za kule

Dubai wako mbele ya Dar, Nairobi na Kampala kwa saa moja. Metro haikeshi. Jumatatu mpaka Alhamisi inaanza saa 11 alfajiri mpaka saa 6 usiku. Ijumaa inaanza saa 11 alfajiri inaongezewa mpaka saa 7 usiku. Jumamosi saa 11 alfajiri mpaka saa 6 usiku. Jumapili ndo mtego: inaanza saa 2 asubuhi.

Na ukumbuke kwamba saa ya ndege kutua sio saa ya wewe kutoka. Weka saa nzima ya uhamiaji na kusubiri mabegi, foleni ikiwa ndefu weka saa moja na nusu. Ndege ikitua saa 5 na robo usiku, metro sahau, labda iwe Ijumaa.

Ukitua saa 9 au 10 usiku wa manane usikimbilie teksi kwa presha. Hoteli nyingi wanaanza kupokea wageni saa 8 mchana, ukifika saa 10 alfajiri utakaa kwenye kochi la risepsheni tu. Kaa ndani ya eapoti, kuna vyoo visafi, kuna viti, kuna wifi ya bure, subiri metro ifunguliwe. Mi nimefanya hivyo mara nyingi tu na mabegi yangu nayafunga mkanda mguuni nasinzia. Ila kama una mtoto au unaumwa, chukua teksi ukapumzike, hapo usibane hela.

Hatua ya 3: Tafuta kituo cha metro cha hoteli yako

"Deira" ni kubwa, isikudanganye. Ukiangalia ramani utakuta hoteli yako iko kwenye moja ya sehemu hizi:

Al Rigga na Muraqqabat: shuka Al Rigga, au Union kwa hoteli za upande ule. Hii ndo rahisi kuliko zote kwa sababu iko kwenye Laini Nyekundu ileile inayotoka eapoti, hubadilishi treni.

Naif, na pale wanapopaita bado Nasser Square ingawa jina lake ni Baniyas Square: unabadilisha treni Union unaingia Laini ya Kijani, unashuka Baniyas Square. Ni kituo kimoja tu toka Union, kama begi ni dogo unaweza hata kutembea.

Soko la dhahabu: unabadilisha Union, unashuka Gold Souq au Al Ras.

Bur Dubai, ng'ambo ya maji: Al Ghubaiba au Sharaf DG kwa Laini ya Kijani, au BurJuman kwa Nyekundu moja kwa moja.

Pima kwenye ramani umbali kutoka kituoni mpaka mlango wa hoteli. Chini ya mita 500 ni sawa. Zaidi ya hapo jiulize mwezi gani. Kati ya Juni na Septemba jua la Dubai linapita nyuzi 40, na kutembea kilomita moja saa 8 mchana unakokota begi la kilo 30 sio kuokoa hela, ni kujitafutia ugonjwa. Nasema hivi kwa uzito kabisa, watu wanaanguka.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya watu na mabegi, halafu uamue

Hapa ndo watu wanakosea, wanafikiri metro ndo rahisi siku zote. Sio siku zote.

Metro toka eapoti mpaka maeneo ya Deira ni dirham 3 kwa mwenye kadi ya Nol ya silva (Nol ndo kadi ya kulipia metro na basi), au 4 kwa tiketi nyekundu ya karatasi. Ukivuka kwenda Bur Dubai inaongezeka kidogo, 5 au 6. Teksi toka eapoti, mita inaanza na dirham 25 hata kabla gurudumu halijazunguka, halafu inaongeza dirham 2 na kitu kwa kila kilomita. Mpaka Deira inakuja kama 35 mpaka 50 kutegemea foleni na hoteli iko wapi.

Sasa tazama:

Uko peke yako, begi moja kubwa na kabegi ka mkononi, unashuka Terminal 1 au 3, mchana: metro, bila kufikiria mara mbili.

Mko wanne, mnakwenda hoteli moja: teksi. 45 gawa kwa nne ni kama 11 kila mtu, na mnashushwa mlangoni. Watatu pia inalipa kama mabegi ni mengi. Wafanyabiashara wenzangu mnaosafiri kikundi, hili muelewane kabla ya kupanda ndege, sio mkifika kila mtu anakimbia kivyake.

Umeshukia Terminal 2: teksi moja kwa moja mpaka hotelini. Kuna watu wanashauri upande teksi mpaka kituo cha metro cha karibu halafu uingie treni. Usifanye hivyo, ile 25 ya mwanzo ushailipa tayari, na Deira sio mbali, malizia tu safari.

Una mabegi zaidi ya mawili: teksi. Sheria ya metro ni begi kubwa moja lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja lisilozidi 55 kwa 38 kwa 20. Wafanyakazi wa getini wanaweza kukurudisha.

Na kuna njia ya katikati ambayo mi ndo naipenda kwa hoteli zilizo mbali na kituo: panda metro toka eapoti mpaka Al Rigga au Union, toka nje, halafu chukua teksi ya barabarani. Teksi ya barabarani haianzi na 25, inaanza na 5 hivi, na kiwango cha chini cha safari ni kama 12 au 13. Kwa hiyo 3 ya metro jumlisha 13 ya teksi, 16, badala ya 45. Umekaa kwenye kiyoyozi njia nzima na umeshushwa mlangoni.

Hatua ya 5: Ukitoka kwenye mabegi, chenji kidogo tu

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa 3.6725, haipandi haishuki. Hiyo ndo kipimo chako. Maduka ya kuchenji ya eapoti yanatoa chini ya hapo na mengine yanakata ada juu. Yale ya mitaani Deira yanakaribia sana ile namba. Kwa hiyo eapoti chenji dola 20 au 30 za usafiri na maji, mtaji wote subiri ufike mjini. Mwambie akupe noti za 5, 10 na 20. Usikubali noti ya 500, dereva atakwambia hana chenji na mtabaki mnaangaliana.

Hapohapo ndani, kabla hujatoka, unganisha wifi ya eapoti, tuma meseji nyumbani kwamba umefika, fungua ramani yako uiangalie mara ya mwisho.

Hatua ya 6: Ukichagua metro

Fuata alama ya metro, zimeandikwa Kiarabu na Kiingereza, hupotei. Usitoke nje kwa magari kwanza.

Kituoni kuna mashine na kuna dirisha la wahudumu. Mara ya kwanza nenda dirishani, ongea na mtu. Utaombwa uchague kadi. Kama utakaa Dubai siku tatu au zaidi chukua Nol ya silva: ni dirham 25, ndani yake kuna 19 za kusafiria, na kadi inadumu miaka 5 kwa hiyo safari ijayo unakuja nayo. Kama ni siku moja chukua tiketi nyekundu, unalipa dirham 2 za kikaratasi chenyewe na nauli juu. Ukiona wamekuuliza gold, sema hapana, silva inatosha. Kila mtu na kadi yake, hamuwezi kupita wawili kwa kadi moja. Mtoto wa chini ya miaka 5 hana nauli.

Getini: ile sehemu ya kugusa iko mkono wako wa kulia. Weka kadi bapa juu yake, tulia kidogo mpaka skrini iandike salio, ndo vibao vya geti vifunguke. Watu wetu wengi wanapitisha kadi haraka kama wanapunga mkono, geti linakataa, wa nyuma wanaanza kuguna, unachanganyikiwa. Weka, tulia, pita. Kwa mabegi kuna geti pana pembeni, tumia hilo. Na ukitoka mwisho wa safari unagusa tena. Usitupe ile tiketi nyekundu njiani, bila hiyo hutoki.

Ngazi za umeme na begi kubwa usijaribu, kila kituo kina lifti, itafute.

Treni ya kupanda ni inayokwenda Expo 2020 au kituo kingine cha uelekeo huo, zote zinapita Union. Isiyo yako ni inayokwenda Centrepoint, hiyo inakupeleka mbali na Deira. Toka Terminal 3 vituo vinafuatana hivi: Terminal 1, kile cha Garhoud kilichozoeleka kama GGICO, kisha City Centre Deira, kisha Al Rigga, kisha Union. Hesabu kwa vidole kama hujiamini na sauti ya matangazo. Treni haina dereva, usishangae ukiona mbele kuna abiria tu amekaa anaangalia njia.

Sasa mabehewa, na hapa naomba usome taratibu maana faini zinauma. Treni ina sehemu ya wanawake na watoto, imewekewa alama za pinki juu ya mlango na sakafuni. Mwanaume ukisimama humo, hata kwa bahati mbaya, faini dirham 100. Na kuna behewa la Gold upande wa mwisho, viti vipana na watu wachache. Wageni wengi wanaona "ah huku kuna nafasi" wanaingia na mabegi yao, kadi ni ya silva, mkaguzi huyo. Faini. Kabla treni haijafika angalia alama zilizobandikwa kwenye milango ya kioo pale unaposubiria, zinakwambia behewa gani linasimama mbele yako. Kama umesimama pasipo pako sogea kabla treni haijaja.

Kula, kunywa, kutafuna bigijii: dirham 100. Kusafiri bila kugusa kadi: 200. Yale maji uliyonunua eapoti yaache kwenye begi.

Kubadilisha Union: shuka, fuata alama za kijani, hutoki getini, hulipi tena. Treni ya kwenda Baniyas Square na Gold Souq ni inayoandikwa Creek. Usipande inayoandikwa e&, hicho ni kituo cha mwisho cha upande mwingine.

Ukipanda basi la RTA, yaani mamlaka ya usafiri ya Dubai, baada ya metro ndani ya dakika 30 inahesabiwa kama safari ileile, kadi ni hiyohiyo, na ndani ya basi hawapokei hela mkononi kabisa.

Hatua ya 7: Ukichagua teksi

Toka mlango wa kuwasili ufuate alama ya teksi mpaka kwenye foleni rasmi. Kuna mtu anapanga foleni, anakuonyesha gari. Teksi halali ni rangi ya maziwa na paa lake lina rangi: nyekundu, bluu, kijani, chungwa. Paa la pinki ni za madereva wanawake, kwa ajili ya wanawake na familia. Dada zangu mnaosafiri peke yenu na mnafika usiku, ziulizieni hizo pale kwenye foleni, zipo.

Kama mko watu wengi au mabegi mengi, mwambie mpanga foleni mnataka gari kubwa, yapo.

Ukikaa tu, tazama mita. Lazima iwe imewaka na inasoma 25. Kisha mpe dereva karatasi yenye jina la hoteli NA jina la mtaa. Majina ya hoteli za Deira yanafanana sana, kuna mlolongo wa hoteli zenye neno moja wakati kila moja iko mtaa wake, na ukishushwa kwenye siyo unaanza safari upya na mita upya. Namba ya simu ya hoteli inasaidia sana hapa, dereva anapiga mwenyewe.

Ukivuka mageti ya Salik, ile tozo ya barabara, inaongezwa kwenye bili yako, sio wizi. Ukienda Sharjah kuna nyongeza ya dirham 20 ya kuvuka emireti, nayo ni halali.

Omba risiti. Hata kama huna haja nayo, omba.

Apu za Careem na Uber zinafanya kazi vizuri kama una intaneti, ila eapoti mara nyingi bei zake zinazidi teksi ya foleni. Linganisha kabla hujabonyeza.

Hatua ya 8: Wale wanaokufuata

Nimeiweka hatua peke yake makusudi. Yeyote anayekufuata kabla hujafika kwenye foleni ya teksi, anayetaka kubeba begi lako, anayesema teksi zimeisha au metro imefungwa, jibu ni "no, thank you" na miguu inaendelea. Begi lisitoke mkononi mwako. Hata akiongea Kiswahili. Hilo linaniuma kulisema maana Dubai utakutana na Waswahili wazuri mno, wa nyumbani na hata Waomani wenye asili ya Unguja na Pemba wanaoongea Kiswahili kitamu kuliko chetu, lakini anayekusaidia kwa moyo hakuvutii kwenye gari lisilo na mita.

Na ule mpango wa "dola 40 unachukuliwa" unaouzwa na baadhi ya maajenti huku nyumbani: dola 40 ni kama dirham 147. Umeshaiona bei ya teksi hapo juu. Kama hoteli yenyewe inatoa gari la bure, hiyo ni sawa, waandikie meseji wakuthibitishie kwa maandishi saa na mlango wa kukutania.

Mambo yakienda kombo

*Geti la metro halifunguki wakati wa kutoka.* Salio halitoshi au hukugusa wakati wa kuingia. Usilazimishe wala kuruka. Pembeni ya geti kuna mhudumu, muonyeshe kadi, atakuongezea au kukurekebishia.

*Nimepanda treni ya uelekeo mbaya.* Shuka kituo kinachofuata, vuka upande wa pili bila kutoka getini, rudi. Hakuna nauli ya ziada kwa kosa hilo ukilirekebisha haraka.

*Nimetoka kituoni sijui hoteli iko upande gani.* Vituo vina milango kadhaa na kila mmoja unatokea barabara tofauti, ukikosea mlango Union unaweza kuzunguka robo saa. Rudi ndani, kuna ramani ya mtaa ukutani karibu na milango, tafuta mtaa wa hoteli uone mlango namba ngapi. Au muonyeshe mlinzi karatasi yako.

*Dereva hajawasha mita, au anataja bei ya mkupuo.* Kabla hamjaondoka, shuka, rudi kwa mpanga foleni. Kama mko njiani tayari, soma namba ya gari kwa sauti na umwambie utapiga RTA. Namba yao ni 8009090. Mara nyingi mita inawaka palepale.

*Nimesahau begi au simu kwenye teksi.* Namba hiyohiyo 8009090, na hapa ndo ile risiti inafanya kazi, ina namba ya gari na saa. Wanarudisha vitu kweli, nimeshuhudia mama mmoja toka Mbagala akirudishiwa kibegi chake chenye dola siku ya pili yake asubuhi, hakikupungua hata noti.

*Umefika hotelini wanasema huna buking.* Usiondoke kutafuta hoteli nyingine na mabegi usiku. Waombe wifi, wafungulie uthibitisho wako, wasome namba yake sio jina, majina yetu matatu huwa yanawachanganya na wanaweza kuwa wamekuandika kwa jina la babu.

*Hoteli iko Sharjah.* Metro haifiki. Nenda na metro mpaka Union, hapo kuna basi E303 la kwenda Sharjah, unalipa kwa kadi ileile ya Nol. Ongeza salio kwanza. Jioni foleni ya barabara ya Sharjah ni nzito sana, ukiweza fika kabla ya saa 10 jioni.

*Siku ya kurudi nina mzigo.* Metro uliyokuja nayo haitakubeba na maboksi. Mzigo mkubwa peleka kago mapema, na kwa yale mabegi ya kupanda nayo ndege chukua teksi ya barabarani toka hotelini, hiyo haianzi na 25, kwa hiyo kurudi eapoti ni nafuu kuliko kuja. Mwambie dereva terminali namba ngapi kabla hajang'oa gari, maana kutoka Terminal 2 kwenda 3 kwa gari ni mzunguko mrefu, na wengi walioachwa na ndege pale waliachwa kwa sababu hiyo.